Havionekani, lakini vipo

Maswali ya wasomaji kuhusu virusi vya UKIMWI vinavyolala ndani ya seli

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Goma na pembezoni mwake zinazunguka jambo moja. Kipimo cha damu kinasema virusi havionekani, na munganga yuleyule aliyesoma kipimo anasema dawa ni ya maisha. Wengi wanaona mmoja kati yao anadanganya, kipimo ama munganga. Tumeanza na barua inayouliza hilo waziwazi. Nyingine tumezifupisha. Tunapoandika VVU, ni ileile VIH mnayoiona kwenye fishi za kituo, na CV ni kile kipimo cha wingi wa virusi katika damu.

"Niko na miaka tano kwenye ARV, kinini kimoja kila jioni. Mara tatu CV yangu imetoka 'haionekani'. Kanisani wananiambia nimepona, nitoe ushuhuda na niache dawa. Dada yangu anasema nisithubutu. Nani anasema kweli?" (Mama, Katindo)

Dada yako, mama. Ushuhuda waweza kuutoa, maana kufika hapo na kukaa hapo miaka mitano si kazi ndogo. Dawa usiiache.

Tuangalie kwanza CV inahesabu nini. Mashine inatafuta virusi vinavyoelea kwenye maji ya damu, yaani plazma, na kutoa idadi ya nakala katika mililita moja. Mashine nyingi hazioni chini ya nakala 20 hadi 50. Kama damu yako ilisafirishwa ikiwa imekaushwa kwenye karatasi, uwezo huo unapungua zaidi, na jibu lake linafaa hasa kujua kama umevuka 1000 au hujavuka. Lakini hata mashine bora kabisa haihesabu kilichomo ndani ya seli. Na VVU makao yake ni ndani ya seli.

Safari yake ni hii. Kirusi kinaingia kwenye seli ya CD4, mojawapo ya seli za kinga. Kinageuza RNA yake, yaani maelekezo yake ya kurithi, kuwa DNA, namna ileile ambayo seli hutunzia yake. Kisha kimeng'enya chake kiitwacho integrase kinakata DNA ya seli na kupachika ile ya virusi katikati, kama fundi cherehani anavyoingiza kitambaa kati ya vipande viwili: ukishapiga pasi, kile kitambaa ni nguo. Tangu hapo seli haina njia ya kutambua kwamba sehemu hiyo si yake.

Seli nyingi zilizopatwa hivyo hugeuzwa viwanda vya virusi na kufa baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana CV hushuka haraka mtu akianza dawa. Lakini chache hupatwa wakati zinarudi kupumzika. Hizo ni seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kukaa kimya miaka na miaka zikisubiri ugonjwa uliowahi kuja urudi tena. Seli ikipumzika, mitambo yake imezimwa, na kirusi kinachotegemea mitambo hiyo nacho kinanyamaza. Hakitoi protini yoyote nje ya seli, kwa hiyo kinga haikioni.

Na dawa? Kidonge chako kina vitu vitatu: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Viwili vya kwanza vinazuia RNA isigeuzwe DNA. Cha tatu kinazuia DNA isipachikwe. Vyote vitatu vinafanya kazi *kabla* ya kupachikwa. Seli ambayo tayari imepachikwa imeshapita mlango ule ambao dawa inaulinda. Huo si udhaifu wa dawa, wala haumaanishi kwamba uliinywa vibaya.

Kila siku baadhi ya seli hizo huamka, kwa sababu ndiyo kazi ya seli za kumbukumbu. Ukiwa na dawa mwilini, virusi vinavyotoka havipati seli nyingine ya kuingia na kukaa, vinapotea. Bila dawa vinapata. Kwa watu wengi wanaoacha, virusi huonekana tena kwenye damu baada ya wiki mbili hadi nne, hata kama walikaa miaka kumi bila kuonekana. Utafiti mkubwa uitwao SMART, uliochapishwa 2006 na uliohusisha watu zaidi ya 5,400, ulisimamishwa mapema. Waliokuwa wakipumzisha dawa waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea, na si kwa magonjwa ya UKIMWI peke yake, bali pia ya moyo, figo na ini.

Jambo dogo la mwisho kwako. Usirudie kile kipimo cha kidole ili kuthibitisha kama umepona. Kinapima kingamwili, si virusi, na karibu kila mara kitaendelea kusema una VVU. Kuna wachache walioanza dawa mapema mno ambao kipimo hicho huweza kuwaambia hawana. Hao nao hawajapona, ni kingamwili tu zimepungua.

"Nasoma udaktari mwaka wa pili. Kama seli hufa na kubadilishwa, kwa nini mtu asinywe dawa miaka kumi mpaka seli zote zenye virusi zimalizike?" (Mwanafunzi, Himbi)

Swali hili liliwashughulisha wakubwa kabla yako. Dawa tatu kwa pamoja zilipoanza kutumika mwaka 1996, hesabu zilizochapishwa mwaka uliofuata na Alan Perelson, David Ho na wenzao zilikadiria kwamba miaka miwili hadi mitatu hivi ingetosha kumaliza seli zote zilizojulikana wakati ule. Waliongeza tahadhari: isipokuwa kama kuna mahali pengine pa kujificha. Mwaka huohuo wa 1997 makundi matatu ya watafiti Marekani, likiwemo la Robert Siliciano wa Johns Hopkins, yalipaonyesha. Walichukua seli za CD4 zilizopumzika kutoka kwa watu ambao CV yao haikuonekana, wakaziamsha maabarani, na virusi hai vikatoka.

Kupungua kwake ni kwa polepole sana. Kundi hilo la Johns Hopkins lilipima kwamba hifadhi ya seli hizo hupungua nusu kila miezi 44 hivi. Piga hesabu: ukianza na seli milioni moja, unahitaji miaka zaidi ya 70 kufikia seli ya mwisho. Na hesabu hiyo nayo ilikuwa ya matumaini. Kwa watu waliokaa kwenye dawa zaidi ya miaka 20, upungufu umeonekana kusimama.

Kwa nini usimame? Kwa sababu seli hizi haziishi tu, zinazaana. Seli ya kumbukumbu hugawanyika ili kumbukumbu isipotee, na kila inapogawanyika inanakili DNA yake yote, pamoja na kirusi kilichoshonwa humo. Hakuna kirusi kipya kinachoingia popote, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia. Tangu 2014 imethibitishwa kwamba sehemu kubwa ya hifadhi ni koo za seli, yaani vizazi vya seli moja, zenye kirusi kilichopachikwa mahali palepale kwenye kromosomu ileile, jambo lisilowezekana kama kila seli ingekuwa imeambukizwa kivyake. Kinachozichochea ni ishara za kawaida za mwili za kujaza pengo la seli, au maambukizi mengine ambayo seli hiyo huyatambua. Wakati mwingine ni mahali pa kupachikwa penyewe, kirusi kikiwa kimekaa ndani ya jeni inayohusika na ukuaji wa seli.

Kuhusu ukimya, jifunze mambo manne na utakuwa umeelewa nusu ya makala zote za eneo hili. Katika seli iliyopumzika, NF-κB na NFAT, protini za seli zinazohitajika kuwasha jeni za virusi, zimefungiwa nje ya kiini. P-TEFb, protini nyingine ya seli inayosaidia usomaji wa DNA kuendelea hadi mwisho, ni haba. DNA iliyozunguka kirusi huweza kuwa imekunjwa kwa kubana kiasi cha kutosomeka. Na Tat, protini ya kirusi chenyewe ambayo huongeza usomaji mara nyingi, haipo, kwa kuwa ili itengenezwe lazima usomaji uwe umeshaanza. Ndiyo maana hali hii hujishikilia: bila Tat hakuna usomaji wa maana, na bila usomaji hakuna Tat.

Ukisoma tarakimu, kuwa mwangalifu. Kwa kipimo cha kuotesha, seli zinazotoa virusi vinavyoweza kuambukiza ni kama moja tu katika kila milioni ya CD4 zilizopumzika. Kwa PCR, kipimo kinachohesabu DNA ya virusi, utapata mara mia au zaidi ya hapo. Tofauti hiyo inatokana na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya DNA ya virusi iliyopachikwa ni mbovu: imekatika vipande, au imeharibiwa herufi zake na protini za seli ziitwazo APOBEC3. Kwa hiyo PCR inahesabu kupita kiasi, na kuotesha kunahesabu pungufu, kwa sababu seli yenye kirusi kizima kabisa huweza kukataa kuamka mara ya kwanza na kuamka mara ya pili au ya tatu. Na yote hayo ni damu tu. Damu hubeba karibu asilimia 2 ya seli hizi za mwili mzima. Nyingi zaidi ziko kwenye matezi na kwenye kuta za utumbo, ambako hakuna anayechoma sindano kila mwezi.

"Kambi ya Bulengo ilipovunjwa mwezi wa pili 2025 tulirudi kijijini, nikakaa wiki saba bila dawa. Sasa niko Goma tena. Naogopa kituoni watanigombeza. Jirani amenipa vidonge vyake, nianze navyo?" (Papa, Ndosho)

Papa, nenda kituoni leo. Kituo chochote kinachotoa ARV, si lazima kile cha zamani. Kama fishi imepotea, taja jina la dawa (TDF/3TC/DTG) au eleza kidonge, na mwaka ulioanza. Wafanyakazi wa afya wa mji huu wameona watu wakikimbia Nyiragongo Mei 2021 na wakikimbia vita mara nyingi kabla na baada ya hapo, na mtu aliyerudi ni bora kuliko aliyejificha. Akikugombeza mmoja, muulize mwingine.

Vidonge vya jirani vimrudie jirani. Vikiisha kabla ya tarehe yake, mtakuwa wawili msio na dawa. Na huenda anakunywa mchanganyiko tofauti na wako bila nyinyi wawili kujua.

Kabla ya kuanza tena, mwambie munganga mambo haya yote, hata asipouliza. Je, una kikohozi, homa, jasho la usiku, au umepungua uzito? Hizo ni dalili nne za kifua kikuu. Je, kichwa kimekuuma mfululizo kwa siku nyingi, au shingo imekaza? Hapo lazima wachunguze uti wa mgongo na ubongo kwanza, kwa sababu mtu mwenye kuvu aina ya kriptokoka kwenye ubongo akianza ARV mara moja anaweza kuzidiwa na kufa. Kwake hutibiwa kuvu kwanza na ARV husubiri wiki nne hadi sita. Omba pia kipimo cha CD4. Ikiwa chini ya 200, kuna vipimo na dawa za kinga za ziada unazostahili. Kama hakuna dalili hizo, mara nyingi utaanza na kidonge kilekile siku hiyohiyo. Usinywe viwili ili kufidia siku zilizopotea. CV itapimwa baada ya miezi michache.

Wiki saba zimefanya nini ndani? Virusi vimerudi, vimeingia seli mpya, na baadhi ya seli hizo zimeenda kulala navyo. Hifadhi imejazwa upya. Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi vya kutosha: hifadhi inatunza kila aina ya kirusi kilichowahi kuishi ndani yako. Kama miaka ya nyuma ulitumia nevirapine au efavirenz ukikatizakatiza na kirusi sugu kikazaliwa, nakala yake ingali imelala. Haionekani kwenye kipimo leo, lakini ikipewa tena dawa ileile inaweza kuamka na kushinda. Ndiyo maana munganga anataka kujua dawa *zote* ulizowahi kunywa, si ya sasa tu. Andika orodha hiyo nyuma ya fishi mpya.

Na ini. Tenofovir na lamivudine zinazuia pia homa ya ini aina ya B. Mwenye VVU na homa hiyo pamoja akiacha ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya. Macho yakigeuka manjano, hiyo ni safari ya opitali, si ya kusubiri.

Kwa wasomaji wote ambao nyumba yao haina uhakika: ukiwa na afya nzuri na CV iko chini, omba dawa ya miezi mitatu, au sita pale inapopatikana. Ulizeni pia kama kuna PODI karibu, zile sehemu za kugawia ARV zinazoendeshwa na vyama vya wenye VVU wenyewe. Makopo yakiwa mawili, yakae kwenye mifuko miwili tofauti, kila moja na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu ndani; msikitupe, na watoto wasikile. Piga picha fishi yako na kopo. Mvua ikiingia kwenye kopo na vidonge vikalainika, hivyo si dawa tena.

Ukisahau saa, kunywa unapokumbuka. Kama zimebaki chini ya saa nne kufikia kidonge kinachofuata, ruka kilichosahaulika na uendelee na saa yako.

"CV yangu haikuonekana, kisha ikawa 160, sasa haionekani tena. Dawa imeanza kushindwa?" (Fundi wa kuchomelea, Birere)

Hapana. Kupanda kidogo mara moja na kushuka ni kawaida. Seli za ukoo mmoja huweza kuamka kwa pamoja na kumwaga virusi, au tofauti ni ya mashine na sampuli tu. Damu iliyokaa zaidi ya saa 24 kwenye chupa kabla ya kutenganishwa plazma nayo hutoa majibu ya ajabu, na kwa barabara zetu hilo si jambo la kushangaza.

Linalotakiwa kushughulikiwa ni kupanda kunakorudia, na hasa kuvuka 1000. Hapo huja mazungumzo ya kina kuhusu unywaji, kisha kipimo cha pili baada ya miezi mitatu. Usikubali kubadilishiwa dawa kwa kipimo kimoja tu, na usikae miezi tisa ukisubiri cha pili.

Wakati mwingine kosa haliko kwenye usahaulifu bali kwenye kitu kingine unachomeza. Dolutegravir inafanya kazi kwa kushika madini ya magnesi ndani ya kimeng'enya cha kirusi. Ikikutana na magnesi au aluminiamu tumboni, inashika hiyo na haiingii kwenye damu. Kwa hiyo dawa ya kiungulia yenye madini hayo, ile ya kutafuna inayouzwa kila famasi ya Birere, inywe saa sita kabla ya ARV au saa mbili baada yake. Vidonge vya chuma wanavyopewa wajawazito, na vya kalsiamu, vyaweza kunywewa pamoja na dolutegravir ikiwa kuna chakula. Bila chakula, fuata saa zilezile.

Mwenye kifua kikuu anayekunywa rifampicin huhitaji dolutegravir mara mbili: kidonge chake cha kawaida, na miligramu 50 za ziada baada ya saa 12, hadi wiki mbili baada ya rifampicin kwisha. Dawa za kifafa kama carbamazepine na fenobarbitali nazo hushusha dolutegravir, mwambie munganga. Na mwenye kisukari anayetumia metformin asizidishe miligramu 1000 kwa siku, kwa sababu dolutegravir inaipandisha.

"Kuna Wazungu waliopona kabisa kwa kubadilishiwa uboho. Kwa nini siyo sisi? Au tutumie mitishamba inayosafisha damu?" (Kijana, Majengo)

Wamepona, ni kweli, na unaweza kuwahesabu bila kuhitaji daftari. Wa kwanza ni Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 na tena 2008. Baadaye Adam Castillejo wa London, ambaye habari zake zilitoka 2019. Wote wawili walikuwa na saratani ya damu, na upandikizaji ulifanywa kwa ajili ya saratani. Kinga yao ya zamani ilibomolewa kwa dawa kali, Brown kwa mionzi pia, kisha wakapewa uboho wa mtu ambaye seli zake hazina kipokezi cha CCR5, mlango ambao VVU hupitia. Watu waliorithi hali hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili ni kama mmoja kwa mia Ulaya ya kaskazini, na kwa Waafrika karibu hawapo. Upandikizaji wenyewe huua sehemu ya wanaoupata. Hakuna munganga mwadilifu atakayekutoa kwenye kidonge kimoja kwa siku na kukupeleka kwenye hatari hiyo. Brown mwenyewe alifariki 2020, kwa saratani iliyorudi, si kwa VVU.

Njia nyingine iliyojaribiwa ni kuamsha virusi vilivyolala ili seli zao zife. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba vorinostat, dawa ya saratani, inaweza kuviamsha kwa kiasi. Viliamka, lakini seli hazikufa na hifadhi haikupungua. Kuamsha ni rahisi kuliko kuua. Sasa watafiti wanajaribu kingamwili zenye nguvu, kukata DNA ya kirusi, na hata kinyume chake, yaani kukilaza usingizi usioamka. Durban, Afrika Kusini, majaribio yamefanywa na wanawake walioanza dawa siku chache tu baada ya kuambukizwa, wakati hifadhi bado ni ndogo. Hilo linatuhusu zaidi kuliko Berlin.

Mitishamba inayosafisha damu? Ulikwisha kuona kwamba tatizo haliko kwenye maji ya damu. Kongo imeshawahi kutangaziwa dawa kwa kelele kubwa zaidi ya hizo: Novemba 1987, Kinshasa, Dokta Lurhuma Zirimwabagabo na Mmisri Ahmed Shafik walitangaza MM1, iliyopewa herufi za Mobutu na Mubarak. Ilikuwa na marais wawili, na haikuwa na uthibitisho. Haikumponya mtu anayejulikana. Muuzaji wa mizizi sokoni hana hata rais mmoja.

"Mume wangu hana virusi, mimi ninavyo na havionekani. Kama vimelala ndani ya seli, siwezi kumwambukiza kwa seli hizo?" (Mama, Kyeshero)

Katika utafiti uitwao PARTNER, uliochapishwa 2016, wenzi ambao mmoja ana VVU na CV yake iko chini ya 200 walifuatiliwa, wanaume kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Walikutana kimwili bila kondomu takriban mara 58,000. Maambukizi kutoka kwa mwenzi aliyekuwa kwenye dawa: sifuri. Seli zilizolala zilikuwemo miilini mwa wenye VVU wote hao. Ni chache mno, na kirusi kilicholala hakitoki. Sharti ni dawa kila siku na kipimo kinachothibitisha. Kondomu inabaki na kazi yake kwa magonjwa mengine ya zinaa.

Kwa maziwa ya mama jibu ni tofauti kidogo. Hatari iko chini ya asilimia 1 mama akiwa na CV iliyoshuka, lakini hatusemi sifuri.

"Nimejifungua wiki mbili zilizopita. Wamesema mtoto akianza dawa mapema anapona. Ni kweli?" (Mama, Mabanga)

Habari hiyo ilitokana na mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa 2010 na kuanza dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Dawa zilikatika akiwa na miezi 18 hivi, akakaa miezi 27 bila virusi kuonekana, na dunia ikashangilia. Julai 2014 ikatangazwa kwamba vimerudi. Kuanza mapema kunafanya hifadhi iwe ndogo. Hakuizuii kabisa, kwa sababu inaanza kujengwa katika siku za kwanza.

Lililo mbele yako ni hili. Mpe mtoto dawa ya kinga kwa wiki sita bila kuruka (kama CV yako ilikuwa juu, kituo kitakupa dawa mbili na muda mrefu zaidi). Wiki ya sita mpeleke akapimwe kwa PCR. Usikubali kipimo cha kidole kabla ya miezi 18, kwa sababu kitaona kingamwili zako wewe, mama, ndani ya damu yake. PCR ikisema anavyo, dawa ianze siku hiyo: kuanzia wiki nne za umri na kilo 3, kuna dolutegravir ya watoto ya miligramu 10 inayoyeyuka kwenye maji. Usimpe nusu ya kidonge chako.

"Ndugu yangu alihitaji damu opitalini. Virusi vyangu havionekani miaka sita sasa. Kwa nini walinikatalia kutoa?" (Motari, Katoyi)

Walifanya sawa, kaka. Mfuko mmoja wa damu ni mililita 450 hivi. Mtu mwenye afya nzuri ana seli za CD4 kama 800 katika kila mikrolita, kwa hiyo mfuko una takriban milioni 360. Hata tukichukua ile seli moja kwa milioni, unampa mgonjwa mamia ya seli zenye kirusi kinachoweza kuamka, moja kwa moja kwenye mshipa, katika mwili usio na ARV. Kati ya wenzi wa ndoa hakuna kinachofanana na kiasi hicho. Kuchuja chembe nyeupe kunazipunguza bila kuzimaliza, na kwa vyovyote kipimo cha kingamwili kingeukataa mfuko wako kabla haujafika kwa mgonjwa. Unaloweza kufanya ni kuwaleta wengine wa familia wapimwe na watoe, na huna lazima ya kuwaeleza kwa nini wewe hukutoa. Wanaokataliwa ni wengi, kwa upungufu wa damu, malaria ya karibuni, uzito mdogo au homa ya ini.